Kofia ya Kocha

Binti yangu ni kipa, kwa hiyo kocha wake haniiti kwa jina. Huniita Mama Kipa. Yupo Baba Tisa, ambaye mwanawe ni mshambuliaji, na yupo Mama Sabu, mwenye kibanda cha chipsi kando ya barabara, ambaye mtoto wake huingizwa dakika kumi za mwisho. Hayo ndiyo majina yetu hapa Dallas, mtaa ulio pembeni mwa mji wa Embu. Mara ya kwanza unacheka, mara ya pili unaitika. Kocha mwenyewe ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Halipwi na mtu. Firimbi alijinunulia, na koni zetu ni mitungi ya mafuta ya kupikia aliyoikata nusu akaijaza mchanga ili isipeperushwe na upepo.

Jumamosi moja kocha huyo alikuja mazoezini amevaa kofia ya njano, na nyuma yake bodaboda ikashusha katoni mbili za jezi mpya. Mgongoni mwa kila jezi palikuwa na uso wa mheshimiwa fulani anayetafuta kiti, anatabasamu. Kabla watoto hawajaanza kukimbia mizunguko yao, kocha aliwapanga mstari mmoja, akainua mkono: "Tutam!" Watoto ishirini na wawili wakaitikia kwa sauti ambayo hawajawahi kuitumia kuitishana pasi.

Kwa msomaji aliye mbali na Kenya: Wantam ni kilio cha wanaotaka Rais William Ruto atumikie muhula mmoja tu, na Tutam ni jibu la wanaomtakia miwili; njano ni rangi ya chama chake, UDA. Kura yenyewe ni tarehe 10 Agosti 2027. Mimi ni wa Wantam. Tumbo lilinichemka, nikaanza kuvuka mstari wa majivu niende nikamwambie mbele ya watoto wake yaliyokuwa moyoni.

Simu yangu ndiyo iliyonirudisha. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, msaidizi wa kocha, kijana wa chuo, aliwakimbiza watoto hao hao akiwaimbisha "Wantam" kwa mdundo wa kupasha misuli joto. Nilicheka mpaka machozi. Nikarekodi, nikamtumia dada yangu Meru. Video ilikuwa bado ipo, na binti yangu yuko mstari wa mbele, glavu zimemzidi mikono, anapiga kelele kuliko wote.

Basi wewe unayenisoma, kabla hujamfuata kocha wa mwanao, jiulize kwanza swali hili chungu: je, angewaimbisha wimbo wangu, ningekasirika? Kama jibu ni hapana, bado hujawa na lalamiko kuhusu watoto. Una lalamiko kuhusu kura, na hilo lina mahali pake. Mimi ilinichukua siku nne kukubali, na siku hizo nne ndizo zilizoniokoa nisiropoke.

Usidhani pia ukimhamisha mtoto utapata kocha wa mawazo yako. Kwetu Embu ni kama kurusha sarafu. Rigathi Gachagua aling'olewa unaibu wa rais Oktoba 2024, nafasi yake ikaenda kwa Kithure Kindiki wa Tharaka Nithi, jirani zetu, na tangu hapo eneo letu la Mlima Kenya limegawanyika mpaka mezani. Justin Muturi, mtu wa Mbeere, humu humu kaunti ya Embu, aliyekuwa Spika wa Bunge kuanzia 2013 hadi 2022, alifutwa uwaziri Machi 2025, na aliyepewa wizara ni Geoffrey Ruku, mbunge wa huko huko Mbeere Kaskazini. Kiti kilichobaki wazi kilipigiwa kura tarehe 27 Novemba 2025, na Leo Wamuthende wa UDA akamshinda Newton Karish wa Democratic Party kwa tofauti isiyofika kura 500. Ndugu wa tumbo moja walipiga foleni moja wakachagua tofauti. Mimi mwenyewe niliporudi nyumbani siku ile ya kofia nilikuta nusu ya tatizo langu imeketi sebuleni inatazama habari: Baba Kipa ni Tutam wa kufa. Kama nimeweza kuishi na mmoja miaka kumi na minne, wa pili wa saa mbili kila Jumamosi hawezi kunishinda.

Jambo la pili ni kutenga fikra za kocha na matendo yake. Fikra ni zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila raia uhuru wa kuchagua siasa zake, na fundi wa madirisha hajapokonywa uhuru huo kwa kuwa amening'iniza firimbi shingoni. Kofia ya njano kichwani mwake ni fikra. Kibandiko kwenye pikipiki yake ni fikra. Kupanga watoto mstari na kuwaimbisha ni tendo, na linafanyika kwa saa ambazo wewe ndiye uliyezitoa na kwa midomo ya watoto wako.

Mpaka huo hauko wazi kila mara. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipopiga marufuku muguka, majani ya kutafuna kama mirungi, katika kaunti yake, Embu iliwaka. Muguka ndiyo karo ya shule kwa nyumba nyingi za Mbeere, na wazazi kadhaa wa timu yetu wana mashamba huko. Siku hiyo kocha alisimama katikati ya uwanja akawaambia watoto kwamba yeye hamlaumu gavana, kwa sababu amepoteza mawinga watatu wazuri waliokaa vichochoroni wakitafuna badala ya kuja mazoezini. Baba Tisa alitaka kumtoa mtoto wake saa ile ile. Kwangu mimi, kocha alikuwa ndani ya haki yake. Alisema neno linalohusu pumzi na miguu ya watoto, ambayo ndiyo kazi tuliyompa, hata kama neno lenyewe lilichoma mfuko wa mtu. Siasa ikipita njia ya kiwanja kwa sababu ina shughuli kiwanjani, iache ipite. Ikija kuomba kura, hapo simama.

Na tafadhali usimwambie kocha kwamba "michezo na siasa havichanganyiki." Akiwa anaijua historia atakumaliza kwa dakika mbili. Kenya haikushiriki Olimpiki za Montreal mwaka 1976 kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu, na 1980 hatukwenda Moscow. Klabu ya Abaluhya iligeuka AFC Leopards kwa sababu serikali ya Rais Moi iliamua vilabu viache majina ya makabila. Timu gani hapa nchini haijaguswa? Sema kitu chembamba zaidi, kinachohusu watoto hawa, uwanja huu, Jumamosi hii.

Sasa mazungumzo yenyewe. Usiende siku ya mechi, maana kichwa chake kiko kwenye mchezo na masikio ya wazazi wengine yako karibu. Usianzie kwenye kundi la WhatsApp pia. Pale hata "Habari za asubuhi" hugeuka kesi, na mtu aliyekosolewa mbele ya simu arobaini hana njia ya kurudi nyuma bila aibu. Mimi nilingoja mazoezi yaishe siku ya Jumatano, nikavua kandambili, nikaanza kumsaidia kukusanya ile mitungi ya mchanga. Mtu mwenye mzigo mkononi haongei kwa hasira.

"Pole na kazi, Kocha."

"Asante, Mama Kipa. Kipa wetu leo amedaka vizuri, ila anaogopa krosi."

"Nimeona. Kocha, nina neno dogo. Kura yako ni yako, na kofia yako haina shida na mimi. Ila hawa watoto, naomba wasiimbishwe."

Alimwaga mchanga wa mtungi mmoja polepole, kama anauhesabu. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho: "Na walipoimba Wantam, mbona hukuja?"

Jiandae kwa swali hilo, kwa sababu litakuja. Usilijibu kwa "lakini ile ilikuwa tofauti." Mimi nilimwambia, "Hapo umenipata. Nilikosea, na nilirekodi. Msaidizi wako nitamwambia maneno haya haya niliyokwambia wewe." Nilimwambia kweli, Alhamisi yake, na kijana alinuna wiki nzima. Lakini kocha alipoona nimeanza kujipiga mwenyewe, mikono yake ililegea. Akakaa juu ya mtungi, akanipa hoja yake ya kweli, ambayo haikuhusu rais hata kidogo.

"Na jezi? Wewe utanunua?"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wazazi wengi hupita mbio. Kocha wa mtaani haingii siasa kwa sababu amesoma manifesto. Anaingia kwa sababu mpira umepasuka. Amezunguka kwa wazazi, kila mmoja amesema "wiki ijayo, Kocha," kisha msaidizi wa mheshimiwa amekuja na katoni mbili bila kuombwa mara ya pili. Anachodaiwa ni kidogo tu, picha moja na makofi siku ya fainali, na wimbo. Tunamwita kibaraka, na sisi ndio tuliomwacha mikono mitupu. Mimi binafsi nilikuwa sijatoa hata shilingi tangu msimu uanze, na bado nilikuwa mtu wa kwanza kuvuka mstari wa majivu.

Tukapiga hesabu pale pale, kwa kijiti mchangani. Watoto 22, kila mzazi shilingi 50 kwa wiki, ni shilingi 1,100. Wiki kumi ni 11,000. Haitoshi kujenga uwanja, lakini mpira na nauli ya mechi za ugenini havimlazimu tena mtu kuimba. Mama Sabu tulimfanya mweka hazina, kwa sababu haogopi kudai: ukipita kibandani kwake bila kulipa, unasikia jina la mwanao likitajwa kwa sauti, pamoja na deni. Wapo watatu ambao hawawezi hamsini, na tumekubaliana wafue jezi. Si wote wanaolipa kila wiki, wala sitakudanganya kwamba mambo yananyooka. Lakini mwenye kuchangia mpira ana sauti juu ya mpira, na kocha anapomkatalia mheshimiwa ana watu wa kuwataja nyuma yake.

Zilibaki jezi zenyewe, tayari zimepokelewa, na kuzirudisha kungekuwa matusi. Ushauri wangu katika hali kama hiyo: mpe kocha sababu isiyokuwa wewe. Kanuni ya 4 katika sheria za mpira wa miguu inakataza maandishi au picha za kisiasa kwenye mavazi ya mchezaji. Nilipomwambia, uso ulimfunguka, kwa kuwa sasa angeweza kumweleza mtu wa mheshimiwa kwamba refa ndiye atakayeleta shida, si Mama Kipa wa Wantam. Fundi wa cherehani akashona vitambaa vya namba juu ya nyuso zote. Binti yangu alipata namba 1. Mvua ikinyesha kitambaa hulowa, na mheshimiwa huonekana chini yake akichungulia, anatabasamu vilevile, na wachezaji wa timu pinzani huja kumpapasa.

Kocha naye alitaka kitu. Mheshimiwa ana kombe lake mwisho wa mwaka, na kocha aliomba siku hiyo timu icheze bila vitambaa, ndiyo shukrani. Nilikubali, kwa sharti kwamba kila mzazi aulizwe kwanza na asiyetaka mtoto wake apigwe picha asilaumiwe. Mpaka leo sina uhakika kama nilitoa sana au kidogo.

Nyumbani ndiko watu huharibu. Jioni ile ya kofia binti yangu aliniuliza, kijiko mkononi, "Mama, Kocha ni mbaya?" Alikuwa amenisikia nikiongea na dada yangu kwenye simu, na nilikuwa nimetumia maneno. Fikiria hali ya mtoto huyo. Kesho anasimama golini, na mtu pekee anayemwelekeza ni yule ambaye mama yake amemwita mjinga. Amsikilize nani? Nilimwambia Kocha si mbaya, anataka rais aendelee, Baba pia anataka, mimi sitaki, na sote watatu tunataka aache kuogopa krosi. Kisha tukahesabu. Aliyezaliwa 2015 atakuwa na miaka 17 uchaguzi wa 2032, kwa hiyo hatapiga kura mpaka 2037. Akahesabu kwa vidole, akafurahi kabisa: "Nitakuwa na ishirini na mbili! Nitakuwa nadakia Harambee Starlets, sitakuwa na nafasi." Tangu Junior Starlets waende Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2024, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe lolote la Dunia la FIFA, hana mpango mwingine wa maisha.

Nilichojifunza mezani pale ni kujibu swali aliloulizwa mtu, si hotuba niliyokuwa nayo tumboni. Akitaka kujua Tutam ni nini, mweleze Tutam ni nini, kwa namna ambayo mtu wa Tutam akisikia hatanuna. Baba Kipa alikuwa anasikiliza. Hakununa, ingawa alisahihisha mambo mawili.

Kuna mambo ambayo hayataki mtungi wa mchanga wala upole. Kocha akitamka neno la kubagua kabila mbele ya watoto, iwe ni "madoadoa" au tusi lolote la kumfanya jirani asiwe mtu, hapo usingoje Jumatano. Nchi hii inajua neno la namna hiyo linakoishia. Lucas Sang, mkimbiaji wa mita 400 aliyetuwakilisha Olimpiki za Seoul 1988, aliuawa Eldoret tarehe 31 Desemba 2007 katika ghasia za uchaguzi, na alikuwa katika mji uliojaa wanamichezo waliofanya mazoezi pamoja miaka na miaka. Vivyo hivyo kocha akiwapakia watoto kwenye lori kwenda mkutano wa hadhara bila idhini ya wazazi, akiwalipa waimbe, au akimweka mtoto benchi kwa sababu ya chama cha baba yake. Katiba, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Mtoe mtoto siku hiyo hiyo, kisha zungumza na wazazi wenzako, na nenda kwa chifu au ofisi ya watoto. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Kocha akiwa ni mwalimu wa shule ya umma, mweleze mwalimu mkuu: mtumishi wa umma haruhusiwi kupigia chama debe, Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 imesema hivyo. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, usiandike hasira.

Lakini pima vizuri. Benchi si siasa kila mara. Mzazi mmoja alishawishika kabisa kwamba mwanawe ameachwa nje kwa ajili ya kofia. Alikaa akahesabu mazoezi aliyohudhuria mtoto, akakuta ni matatu kati ya kumi.

Kuhusu kundi la WhatsApp, tumeweka sharti moja: saa ya mazoezi, mahali pa mechi, nani amelipa. Video ya mkutano ikitumwa, hakuna anayejibu, hata kwa kidole gumba. Mtumaji wa kwanza baada ya sharti hilo alikuwa Baba Kipa. Nilimwangalia tu kutoka upande wa pili wa kochi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mechi nyumbani, na mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, udongo mwekundu unashika viatu kama gundi. Kocha alifika na kofia yake ya njano, akatusalimu wote, akambishia Mama Sabu kuhusu bei ya unga na nani wa kulaumiwa, wakapandishiana sauti kidogo. Refa alipotoa saa mfukoni, kocha alivua kofia, akaikunja, akaitia ndani ya gunia la mipira. Kisha akanyoosha kidole golini.

"Mama Kipa, leo krosi zitakuwa nyingi, upande wao wa kulia una mtoto mrefu. Mpigie kelele atoke mapema."

Tulifungwa mbili kwa moja. La pili lilikuwa krosi.